Fuso ya mkulima na kisanduku cha matumizi

Mtu akiniambia kwamba bima ya lori kuukuu ni kulipa, kupokea stika na kwenda zako, najua hajawahi kukaa upande wangu wa meza siku lori hilo limelala mtaroni. Mimi ni wakala wa bima Makambako, mkoani Njombe, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Mahindi ya Ruvuma, viazi vya Njombe, mbao, parachichi, mbolea inayopanda kutoka bandarini, vyote vinapita hapa. Mizigo mikubwa ina wenyewe, kampuni zenye semi za kisasa na watu wa ofisini wanaoshughulika na bima tu. Wateja wangu ni wale wengine: mkulima wa ekari kumi au ishirini mwenye lori moja, kuukuu, alilolinunua ili aache kuwabembeleza wenye magari kila mavuno.

Malori yenyewe mnayajua. Mitsubishi Fuso, Isuzu, Scania 93 na 113. Yamefanya kazi Japani au Ulaya, yakaja kufanyishwa kazi na mfanyabiashara wa Dar au Mbeya, na yalipoanza kula spea kuliko mafuta ndipo yakashuka kwa mkulima. Herufi za kwenye kibao cha namba zisikudanganye. Zinaeleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini, si lini liliundwa. Nimewahi kukata bima ya lori la namba D lililoundwa 1994, na mwenye nalo alikuwa akiapa kwamba ni la juzi juzi.

Ninachotaka kusema ni hiki: wengi wa watu hawa wanalipa bima kila mwaka na hawana bima. Stika wanayo. Trafiki akiingiza namba ya gari kwenye TIRAMIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, gari linasoma. Lakini siku ya ajali mkataba unafunguliwa, na ukifunguliwa unaeleza habari za lori jingine, lenye kazi nyingine, wakati mwingine hata lenye mmiliki mwingine.

Mteja akiingia ofisini hasemi anataka bima. Anasema, "Dada wa bima, nipatie stika." Mara nyingi kasimamishwa njiani, kapewa onyo au kaandikiwa faini, na lori limeegeshwa nje likiwa na mzigo juu. Tangu 2017 serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia kwenye mafuta, karatasi ambayo trafiki anaiulizia kwanza ni bima. Kwa hiyo mkulima anaihesabu bima pamoja na gharama za barabarani. Anatafuta iliyo rahisi kuliko zote, itakayomvusha hadi sokoni.

Iliyo rahisi ni bima ndogo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka kila gari linalotembea barabarani liwe nayo. Inamhudumia mtu uliyemuumiza, na kwa mikataba ninayouza, mali ya mtu uliyoiharibu hadi kikomo kilichoandikwa. Lori lako halimo. Likiteketea kwa moto, bima ndogo haikupi hata tairi moja. Gari dogo la binafsi limezoeleka kukatiwa kwa shilingi 118,000, yaani 100,000 na VAT juu yake. Lori linapanda kutoka hapo kulingana na tani zake na kazi yake.

Hapo kwenye kazi yake ndipo matatizo yote yanapoanzia. Fomu ya maombi ina kisehemu cha matumizi, na kwa magari ya namna hii kuna visanduku vitatu vya kuweka vema: binafsi; biashara ya kubeba mizigo ya mwenye gari; na biashara ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Ada inapanda kutoka cha kwanza kwenda cha tatu. Mkulima anasema lori ni lake, kwa hiyo ni binafsi. Siyo. Lori linalopeleka mahindi kwenye kituo cha NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kuyauza liko kwenye biashara, hata kama mahindi ni ya mwenye lori na lori lenyewe linatoka mara chache kwa mwezi. Na wapo mawakala, nasema bila kumung'unya maneno, wanaomwekea mteja vema kwenye binafsi ili bei ishuke asiende kwa wakala wa jirani.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi. Mzee mmoja wa upande wa Wanging'ombe aliingia, tukasalimiana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina Fuso hapo nje. Nataka stika, na usinipige bei ya watu wa Dar."

"Inafanya kazi gani?"

"Kazi yangu. Mahindi yangu, viazi vyangu, mbolea yangu."

"Na mzigo wa jirani?"

Akacheka. "Sasa mwanangu, jirani nitamwacha na magunia yake barabarani?"

Hakuna mkulima mwenye lori ambaye hambebei jirani. Kijiji kizima kinajua lori linatoka lini, na nafasi iliyobaki juu ya bodi ina wenyewe tangu juzi. Jirani hapakii bure. Anachangia mafuta, na mchango huhesabiwa kwa gunia. Kwa mwenye lori huo ni ujirani mwema. Kwa kampuni ya bima ni mzigo wa mtu mwingine uliobebwa kwa malipo, na kisanduku hicho hakikuwekwa vema.

Nimeona jinsi inavyogundulika. Lori lililokatiwa bima kubwa, ile inayolinda hata lori lenyewe, kwa matumizi ya mizigo ya mwenyewe, lilikosa kona, likaingia ukutani mwa duka. Kampuni ilimtuma mkadiria hasara, kijana mtulivu mwenye begi la kompyuta. Hakuanza na mwenye lori. Alianza na mama aliyekuwa amekaa pembeni ya viazi vyake vilivyomwagika. Akachuchumaa, akampa pole, akauliza kama mzigo umeokoka, kisha akauliza kwa sauti ileile ya pole: "Na nauli ya mzigo ulikuwa umeshamlipa, mama, au ndiyo umepata hasara mara mbili?" Mama akajibu: "Elfu tatu kwa gunia, nimemlipa nusu." Kijana akaandika, akamsomea, akaomba sahihi. Mimi na mwenye lori tulikuwa tumesimama hatua chache kutoka hapo. Barua iliyokuja baadaye ilikuwa fupi: gari lilikuwa likitumika nje ya matumizi yaliyotajwa kwenye mkataba, tena bila leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ya kubeba mizigo ya watu. Fidia, hakuna.

Mteja yule alikuwa amelipa bima kubwa. Watu wakisikia hivyo wanadhani kampuni iliiba. Haikuiba. Ilisoma kilichoandikwa. Ndiyo maana siku hizi mteja akiniambia jirani hawezi kumwacha, namwonyesha kisanduku cha tatu na bei yake. Wengine wanasaini. Wengine wanatoka kimya, na nawaona wiki ileile wanapita na lori, wamekata kwingine.

Bima kubwa yenyewe kwa lori la zamani ni ya kutafuta kwa tochi. Kila kampuni ina kikomo chake cha umri. Nyingi gari likipita miaka 15 zinaanza kukunja uso. Zinazokubali zinaomba ukaguzi, picha, taarifa ya mthamini, na zinaongeza kiasi ambacho mteja atabeba mwenyewe kwenye kila ajali, kile tunachokiita eksesi. Benki nayo ikitaka lori liwe dhamana ya mkopo inataka bima kubwa. Kwa hiyo mkulima anakosa bima kwa sababu ya umri wa lori, na anakosa mkopo wa kununua lori jipya zaidi kwa sababu hana bima.

Ukaguzi huwa nakwenda mwenyewe. Nabeba simu, tochi, brashi ya waya na chupa ya dizeli. Picha za pande nne ni rahisi. Mita ya kilomita haina maana, mara nyingi waya wake ulikatika kabla lori halijafika nchini. Kazi ni namba ya chasisi. Imegongwa kwenye fremu, upande, karibu na tairi la mbele, na juu yake kuna kutu, grisi na tope la misimu kadhaa lililogeuka udongo mgumu. Unamwagia dizeli, unasugua, unafuta kwa kitambaa, unamulika kwa tochi kwa pembeni ili kivuli kiingie kwenye maandishi. Hapo unabishana na utingo kama tarakimu ile ni 3 au 8. Ikiwa kwenye kadi ni 8 na kwenye chuma ni 3, kampuni haitasema ni kosa la kuandika. Itauliza lori la kwenye kadi liko wapi.

Baada ya hapo kichwa kinainamishwa tuone injini. Kadi inasema 6D14, na injini iliyolala pale ni 6D16 iliyotolewa kwenye lori jingine gereji. Mwenye lori anashangaa ninapouliza karatasi. "Si injini tu? Ile ya zamani ilikufa." Kweli ilikufa, na fundi alifanya kazi nzuri. Lakini mabadiliko hayo hayakupelekwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na siku ya madai mtu mwenye kalamu ataandika kwamba gari lililopata ajali halifanani na gari lililokatiwa bima.

Kadi nayo ina jina. Kwa malori haya, jina mara nyingi ni la mtu wa pili au wa tatu nyuma. Mauziano yalifanyika kwa mkataba wa mkono, mashahidi wakasaini, mwanasheria akagonga muhuri, na uhamisho wa TRA ukaahirishwa kwa sababu una gharama. Lori linafanya kazi kwa raha, ada inalipwa, na hakuna anayeuliza. Siku ya fidia hundi inaandikwa kwa mwenye kadi. Nimemsaidia mama mmoja mjane kumtafuta mtu aliyeiuza Fuso kwa mtu aliyemuuzia marehemu mumewe. Alipatikana. Alitaka mgawo.

Thamani ni mtego mwingine. Mkulima anataja ndogo ili ada ipungue. Chukua Fuso ambayo sokoni ingeuzwa shilingi milioni 30, mwenyewe akaandika milioni 15. Ajali ikala milioni 8 za matengenezo. Yeye anasema, mbona 8 iko ndani ya 15, nilipeni. Mikataba mingi ina kanuni ya uwiano: umekatia nusu ya thamani, utalipwa nusu ya hasara. Inabaki milioni 4. Hapo inatolewa eksesi. Kisha kama kabini au radieta iliyowekwa ni mpya mahali pa iliyochakaa, kuna makato ya uchakavu, kwa hoja kwamba ulikuwa na kitu kizee na sasa una kipya. Kinachofika mkononi mwa mkulima hakinunui hata kabini ya mtumba.

Mwingine hujaribu kinyume chake, anaandika kubwa. Haisaidii. Kampuni inalipa bei ya soko ya lori lile dakika moja kabla ya ajali, hata kama ulilipia ada ya bei mbili. Na kwa kuwa bei ya soko ya lori la zamani iko chini, haichukui ajali kubwa kwa mkadiria kuandika kwamba halitengenezeki kwa faida. Lori ambalo fundi wa hapa angelirudisha barabarani kwa mwezi mmoja linahesabiwa limekufa. Hapo muulize wakala wako mapema habari ya mabaki: je, unaweza kubaki nayo wakakata thamani yake kwenye fidia? Kwa mtu anayejua bei ya difu, giaboksi na fremu, mabaki wakati mwingine yana maana kuliko hundi.

Kuna jambo la risiti ambalo watu wa mjini hawalifikirii. Kampuni inataka makadirio kutoka gereji zenye TIN na risiti za EFD. Fundi anayeijua Fuso yako, aliyeifungua na kuifunga tangu uinunue, hana mashine ya EFD. Spea kazitoa kwenye lori lililokatwa vipande, kwa pesa taslimu, kwa mtu asiyeandika kitu. Matengenezo ni ya kweli na gari linatembea, ila kwenye faili hayapo.

Sasa breki. Dereva akitoka kwenye kichwa cha lori akiwa mzima, kauli yake ya kwanza kwa trafiki ni, "Afande, breki zilifeli." Anadhani anajiokoa. Inaandikwa kwenye ripoti, mkaguzi wa magari wa polisi anakuja kulikagua lori, na ripoti yake inaingia kwenye faili pamoja na ramani ya ajali. Kampuni ikisoma breki zilifeli inaelewa kitu kimoja: mwenye gari aliliachia barabarani likiwa bovu. Ubovu na uchakavu haviko kwenye bima. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi si kweli. Breki zilikuwa nzima juu ya mlima. Dereva alishuka huru ili abane mafuta, akakaa juu ya pedali mteremko mzima, laining zikaungua, upepo ukaisha kwenye tanki, na chini hapakuwa na kitu cha kukanyaga. Huo ni uzembe wa dereva, na uzembe wa dereva bima kubwa inaulipa. Waendao Dar kupitia Mlima Kitonga wanajua harufu ile ya laining kabla hawajaona moshi. Simfundishi mtu uongo. Nasema dereva aeleze alichofanya, asitafute neno la kumkinga yeye likamzamisha mwenye lori.

Tena dereva mwenyewe ni nani? Wakati wa mavuno ni deiwaka, anachukuliwa stendi asubuhi. Leseni anayo, ila daraja lake ni la gari dogo, na lori linataka daraja E. Mwenye lori hakuiangalia leseni kwa sababu kijana anaendesha vizuri. Hakuna nitakachoweza kumtetea hapo. Ni swali la kwanza kwenye fomu ya madai, na jibu lake linathibitishwa kwa dakika moja.

Uzito ni hivyohivyo. Lori la ekseli mbili linaruhusiwa tani 8 mbele na tani 10 nyuma kwenye ekseli ya tairi nne, jumla 18 pamoja na uzito wa lori lenyewe. Huku vijijini hakuna mizani, kwa hiyo mtu anapakia hadi bodi zilie. Mkadiria haihitaji mizani. Anahesabu magunia. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini viazi vya huku vinafungwa lumbesa, na yeye anajua lumbesa ni nini. Anapiga picha ya gunia lenye kilemba, anazidisha, anaandika.

Yote hayo ni habari za chuma na fedha. La watu ni zito zaidi. Lori likitoka shambani jioni, juu ya magunia wamekaa vibarua, na njiani wanaongezeka akina mama wanaotoka gulioni. Dereva hawezi kuwakatalia, wengine ni shangazi zake. Lori likipinduka, hao ndio wanaoumia, na katika mikataba ya malori ninayouza, mtu aliyepanda juu ya mzigo hana nafasi yake. Kibarua na utingo wana njia nyingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kama mwajiri amejisajili na anachangia. Sijakutana na mkulima mdogo mwenye lori moja aliyekuwa amejisajili. Nimekaa hospitali na familia zilizoshika PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mkononi zikiniuliza bima inaanza kulipa lini, kwa sababu waliambiwa lori lina stika.

Na yule aliyegongwa akiwa barabarani, mwenye bodaboda au mtoto wa shule, usidhani kampuni ikikataa madai yako ndiyo yameishia hapo. Sheria inamlinda yeye. Kampuni inaweza kutakiwa kumlipa kwanza, kisha ikageuka kukudai wewe uliyevunja masharti. Watu wa kwetu wanaogopa lori kuungua. Mimi naogopa hili. Fuso ikiungua umepoteza Fuso. Mtu akivunjika miguu na mkataba wako una kasoro, linalofuata kuuzwa ni shamba.

Mengine nayataja kwa kifupi kwa sababu yanaulizwa kila wiki. Bima ya lori haibebi mzigo. Mahindi yana bima yake ya safarini, ikatwe kando. Tela lina usajili wake na stika yake. Bima haianzi hadi ada ilipwe, kwa hiyo ahadi ya kulipa mkiuza mahindi haina kazi, hata kama wakala ni shemeji yako. Na wale wanaoacha bima iishe Novemba kwa sababu lori limepaki, wakumbuke kwamba lilelile hutoka Desemba kufuata mbolea, "mara moja tu".

Mtu mwenye lori kuukuu afanye nini basi? Hamisha kadi iwe jina lako kabla ya msimu, na injini iliyobadilishwa iingizwe kwenye kadi. Ukibeba hata gunia moja la jirani kwa malipo, sema, uwekewe kisanduku cha tatu, ulipe bei yake na ufuate leseni ya LATRA. Kama hutaki, basi jirani asilipe na usimbebe. Uliza kuhusu bima ya katikati, mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Mawakala wengi hawaitaji kwa kuwa kamisheni yake ni ndogo, na kwa lori lililokataliwa bima kubwa inafaa kuulizia. Andika thamani ya soko, isizidi, isipungue. Piga picha laining mpya, tairi mpya na risiti zake, ziwe kwenye simu na nakala nyumbani. Dai nakala ya mkataba mzima, usiondoke na stika peke yake. Na ukikataliwa fidia, au ukipewa usiyoridhika nayo, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nenda na karatasi, kwa sababu huko maneno matupu hayasaidii.

Mteja akiniuliza fedha ikiwa haitoshi vyote aanze na nini, namjibu aanze na breki, halafu dereva mwenye daraja E, halafu bima ndogo iliyoandikwa ukweli mtupu. Kile ambacho angekitupa kwenye bima kubwa ya uongo akiweke kando kwa ajili ya lori lenyewe, kwenye akaunti au kwenye VICOBA. Kampuni ninazouzia hazipendi nikisema hivi.

Na kwao pia nina neno. Mkulima anayebeba mzigo wake miezi michache kwa mwaka, na wa jirani kwa mchango wa mafuta, si msafirishaji na si mtu wa gari la kwenda kanisani. Yuko kila kijiji kuanzia hapa hadi Songea. Lori lake linajulikana, njia zake zinajulikana, jirani zake wanajulikana kwa majina. Kumwandikia bima ya msimu, yenye kisanduku kinachomfaa na bei anayoiweza, kunawezekana. Nimependekeza kwenye mikutano ya mawakala, nikajibiwa kwamba wateja wa namna hiyo ni wachache. Waje Makambako mwezi Julai wakae mizani kutwa moja wahesabu wenyewe. Hadi wafanye hivyo, wewe mwenye Fuso ukija kwangu nitakuuliza habari za jirani kabla sijakuuliza habari za lori, na ukinijibu ukweli bei itapanda. Lipa hiyo, au mwambie jirani atafute lori jingine.